Kabla ya Saruji, Maneno

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza kwenye bwawa la mchanga huko Kitui hudhani ameonyeshwa mradi ulioharibika. Mbele yake kuna ukuta wa mawe na saruji uliokatiza mto, na nyuma ya ukuta, pale alipotarajia kuona maji, kuna mchanga mtupu uliojaa hadi ukingoni. Ng'ombe wanapita juu yake. Watoto wanachezea mpira hapo. Kumbe hivyo ndivyo bwawa hilo linavyotakiwa kuwa: mvua ikinyesha mto huteremsha mchanga, ukuta huunasa, na maji hujificha katikati ya chembe zake. Robo hadi asilimia 40 ya ujazo wa mchanga ule huweza kuwa maji. Jua haliyakaushi upesi, mbu hawapati pa kutaga mayai, na mifugo haiyachafui kama inavyochafua silanga la wazi.

Kumweleza jambo hili mtu aliyesimama juu ya mchanga wenyewe si kazi kubwa. Mtu akichimba kwa mkono na maji yakaanza kujaa kishimoni, maelezo yamekwisha. Kazi iko kwa yule aliyeketi ofisini Nairobi au London, ambaye ana maombi mia mezani, na ambaye akisikia neno bwawa huona ziwa. Huyo hatachimba. Atasoma kurasa mbili, na kurasa hizo ndizo zitakazoamua kama saruji itafika mtoni.

Shirika la SASOL, lililoanzishwa mwaka 1990 na kufanya kazi zake nyingi Kitui, limeshirikiana na wanavijiji kujenga mamia ya kuta za namna hii. Sehemu ya mafanikio yake ni uhandisi na sehemu ni jasho la watu. Lakini lilikuwa pia na lengo ambalo ajuza wa kijijini na mhasibu wa mfadhili wangelielewa sawasawa: mtu asitembee zaidi ya kilomita 2 kufuata maji. Lengo hilo halina neno "kujengea uwezo" wala "ustahimilivu". Linapimika kwa miguu.

Chukua Kanyangi, wadi ya eneo bunge la Kitui Rural, upande wa Mto Athi unaotenganisha Kitui na Makueni. Huko, kama kwingine Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi kuliko za masika, na mwaka zinapokosa kunyesha kila mtu anajua kitakachofuata. Vikundi havikosekani. Tangu zamani Wakamba walikuwa na mwethya, watu wa jirani wakikutana kulimiana mashamba au kujengeana nyumba. Serikali ya kikoloni iliuchukua utaratibu huo katika miaka ya 1950 kwa kazi ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, na baada ya uhuru harambee ikaupa nguvu mpya. Leo kikundi cha kina mama kinaweza kuwa na meri-go-raundi ya kupokezana fedha kwa zamu, mbuzi wachache, shamba la ndengu na cheti cha ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba yake.

Kwa hiyo mawazo yapo, watu wapo, na karatasi ya usajili ipo. Kinachopungua mara nyingi ni daraja la kuvusha wazo kutoka vichwa vya watu 20 wanaojuana hadi kwa mtu mmoja asiyewajua. Kuna watu ambao kazi yao ni kusaidia kuliweka daraja hilo: maofisa wa kaunti, mashirika ya dini, wataalamu wa kujitegemea, hata mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri. Baadhi yao husaidia kweli. Wengine huharibu, na tofauti yao inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Mfano mmoja mkubwa wa usaidizi mzuri ulifanyika hapo hapo Ukambani. Mwaka 1988 maofisa wa Sekretarieti ya Kitaifa ya Mazingira, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani, walikwenda Mbusyani katika Wilaya ya Machakos ya wakati huo. Charity Kabutha na Richard Ford ndio walioiandika kazi hiyo baadaye. Wageni hawakufika na mpango mkononi. Ilipofika Septemba mwaka huo, kijiji kilikuwa na mpango wake wa kusimamia mali asili. Zoezi hilo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa mianzo ya njia iliyoenea duniani kote, ya tathmini shirikishi vijijini, sambamba na kazi iliyofanyika mwaka huo huo Gujarat, India. Robert Chambers, msomi Mwingereza aliyeitangaza sana njia hiyo, aliitaja Mbusyani alipoandika asili yake.

Vifaa vya njia hiyo ni vya kawaida kabisa. Watu huchora ramani ya kijiji ardhini kwa vijiti na mawe, kisha mtu huihamishia kwenye karatasi kubwa. Hutembea pamoja kutoka mlimani hadi mtoni wakitazama udongo, miti na makorongo. Wazee hupanga miaka: mwaka wa njaa fulani, mwaka shule ilipojengwa, mwaka mto ulipohama. Kina mama huonyesha kalenda ya kazi, mwezi wa kupanda, mwezi wa kuuza mbuzi, mwezi ambao maji huwa mbali zaidi. Mwishoni matatizo hupangwa kwa uzito, na hapo ndipo ugomvi huanza, maana wanaume huenda wakaweka barabara mbele na wanawake maji.

Ugomvi huo ni wa manufaa. Kikundi ambacho hakijagombana juu ya lipi litangulie hakina wazo bado, kina orodha. Na orodha ndiyo inayopelekwa kwa wafadhili mara nyingi: maji, kuku, mafunzo, kompyuta, miche, vyote katika ombi moja, kwa matumaini kwamba mfadhili atachagua anachopenda. Mfadhili akiona hivyo huhitimisha kwamba watu hawa hawajui wanachotaka, ingawa kwa kweli kila mmoja wao anajua vizuri sana. Walichokosa ni kikao kimoja kirefu.

Upande wa pili wa daraja kuna fomu. Fomu nyingi za wafadhili zimezaliwa na jedwali lililobuniwa kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 1969: safu ya lengo kuu, ya kusudi, ya matokeo, ya shughuli, na kando yake vipimo, ushahidi na mambo yanayodhaniwa kuwa yatakwenda sawa. Wajerumani walilichukua miaka ya 1980 wakalifanyia marekebisho yao, na baada ya hapo likasambaa kila mahali. Shirika lililoliagiza lilisitisha kazi zake za misaada Julai 2025. Jedwali lingali linajazwa. Si kitu kibaya. Linamlazimisha mtu aseme jambo lipi litazaa lipi. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kulijaza lote bila kutaja jina la mto.

Tuchukue kikundi cha kufikirika cha watu 25 upande wa Kanyangi. Barua yao ya kwanza, iliyochapwa saiba, inasema: "Kikundi chetu kinaomba ufadhili ili kuinua hali ya maisha ya jamii kupitia mradi endelevu wa maji na kilimo, kwa kuwajumuisha vijana, wanawake na walemavu." Hakuna neno la uongo hapo. Hakuna pia neno ambalo lisingeweza kuandikwa na kikundi cha Turkana, cha Kwale au cha Bolivia.

Msaidizi mzuri hatoi kalamu kwanza. Anauliza. Nani huenda kuchota, saa ngapi, mwezi gani? Wakati wa kiangazi kisima cha mchangani huchimbwa kina gani kabla ya maji kuonekana? Je, kuna mradi uliowahi kuletwa hapa, na uliishia wapi? Pampu ilisimama kwa kukosa nini? Mwamba uko wapi, maana ukuta usiokaa juu ya mwamba utapitwa na maji kwa chini? Mashamba ya pande zote mbili za mto ni ya nani, na wenyewe wamekubali kwa maandishi? Malori ya mchanga hufika hapo? Nani atayazuia ukuta ukishajaa?

Majibu yakishatoka, barua ya pili hujiandika: "Kuanzia Agosti hadi mvua za Oktoba, kina mama wa vijiji vitatu hutoka kabla ya alfajiri na punda kwenda kuchota maji mtoni, na wengi hurudi wakati wanafunzi wameshaanza masomo. Mita mia chache kutoka shule ya msingi kuna mahali ambapo mwamba umetokeza pande zote za mto. Tunaomba saruji, nondo na fundi wa ukuta mmoja. Mawe, mchanga na kazi ya mikono ni juu yetu. Wenye mashamba wametia sahihi. Kila nyumba itachanga kidogo kila mwezi kwa ajili ya bomba na matengenezo, na mweka hazina atasoma hesabu katika mkutano wa kila mwezi. Pampu tuliyopewa zamani ilikufa kwa sababu hapakuwa na aliyekabidhiwa kuitunza. Safari hii watunzaji wawili wamechaguliwa."

Msomaji ofisini sasa anaona mto. Anaona pia kwamba waandishi wametaja kushindwa kwao wenyewe bila kulazimishwa, jambo ambalo vikundi vingi huogopa. Wengi hudhani kukiri pampu iliyokufa ni kujinyima pesa. Mfadhili mzoefu ameona pampu nyingi zilizokufa, na akisoma ombi ambalo kila kitu kimewahi kufanikiwa huanza kutafuta kilichofichwa. Kuna pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambacho ukuta wa kukatiza mto hauwezi kukikwepa. Kukitaja mapema kunaonyesha kikundi kimekwisha kupiga hatua.

Kisha kuna mwandishi wa proposo wa kulipwa, anayejulikana karibu katika kila mji wa kaunti. Ana ombi moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina la kikundi na kiasi cha pesa. Kiingereza chake ni kizito, na wanachama hufurahi kwa sababu barua inaonekana ya kisomi. Siku mkaguzi akija na kuuliza mradi ni wa nini, mwenyekiti humtazama katibu, katibu humtafuta mwandishi kwa simu. Wazo limeondoka kijijini na halikurudi. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: kabla barua haijatumwa, isomwe kwa sauti mbele ya mkutano, kwa Kikamba, na mwanachama ambaye hakuwa kwenye kamati aieleze tena kwa maneno yake. Akikwama, barua haijawa tayari.

Wangari Maathai alikuwa na njia yake ya kuwafikisha watu kwenye wazo lao. Alianzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani mwaka 1977, na katika semina zake wanavijiji waliombwa kutaja matatizo yao yote. Orodha ilikuwa ndefu. Kisha waliulizwa yanatoka wapi, na karibu yote yakatupiwa serikali. Hapo ndipo alipowauliza juu ya msafiri aliyepanda basi lisilo lake: alipandaje? Hakuuliza? Alidanganywa? Aliogopa? Hakuweza kusoma kibao? Watu walicheka, kisha wakaanza kutaja wenyewe miti waliyoikata na ardhi waliyoilima hadi kando ya mto. Hapo upandaji miti ulikuwa umeeleweka bila hotuba ya ikolojia. Malipo madogo yalitolewa kwa mche uliopona, wala si kwa mche uliopandwa tu, na kanuni hiyo moja ilieleza nia ya mradi vizuri kuliko kijitabu.

Miaka ya karibuni mfadhili wa kwanza wa kikundi cha Kanyangi huenda asiwe mzungu wala shirika, bali kaunti yenyewe. Katiba ya 2010 iliutaka umma ushirikishwe, na sheria ya fedha za umma ya 2012 ikaweka tarehe ambazo vikundi vingi havizijui. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hufuata kufikia Februari 28, na makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Kikundi kinachomwendea mwakilishi wadi mwezi Mei kikiwa na wazo zuri kimechelewa, hata kama mwakilishi atalipokea kwa tabasamu na kuahidi kulishughulikia. Msaidizi anayejua kalenda hii tu, asijue kitu kingine chochote, tayari ana thamani.

Ng'ambo ya Athi, Makueni ilijipatia sifa chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kati ya 2013 na 2022, kwa kuanza mashauriano kijijini badala ya makao makuu. Kaunti ina wadi 30 na zaidi ya vijiji 3,000. Mawazo yalipanda ngazi kwa ngazi, kutoka kijiji hadi kundi la vijiji, hadi wadi, hadi kongamano la kaunti nzima, na kwa kila ngazi watu walilazimika kutetea wazo lao mbele ya majirani wenye lao. Kila mradi ulikuwa na kamati ya wananchi ya kuusimamia. Mtu aliyepita ngazi hizo amefanya mazoezi ya kueleza wazo mara kadhaa kabla ya kukutana na mhandisi.

Kitui na Makueni zilikuwa pia miongoni mwa kaunti tano za kwanza, pamoja na Isiolo, Garissa na Wajir, kujaribu mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi. Isiolo ndiyo iliyotangulia. Makueni ilipitisha kanuni zake mwaka 2015 na kujifunga kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Huku Ukambani, Anglican Development Services Eastern, tawi la maendeleo la Kanisa la Kianglikana, ndilo lililozisaidia kamati za wadi. Katika mfumo huo asilimia 70 ya pesa za miradi huamuliwa na kamati za wadi zilizochaguliwa na wananchi, 20 huenda kwa miradi ya kaunti nzima, na 10 kwa uendeshaji. Kamati ya kaunti inaweza kulirudisha ombi ili lirekebishwe. Haitakiwi kulitupa kwa sababu tu ina lake inalolipenda. Ombi hupimwa kwa maswali yanayoeleweka: litawafaa wengi? Linahusiana na ukame au mafuriko? Litaleta amani au ugomvi? Walioguswa wote wameulizwa? Linatekelezeka kwa pesa hizi?

Utaratibu huu umepanuliwa nchini kupitia FLLoCA, mpango wa hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine. Jambo la kutazama ni kama kamati mpya zitapewa muda wa kutembea mtoni na kuchora ramani, au zitapewa fomu na siku mbili za semina hotelini.

Kueleza wazo hakuishi pesa zikipatikana. Wanachama na majirani wanahitaji kujua kilichoingia na kilichotoka, na hapa vikundi hulegea. Kibao kando ya mradi huwa na nembo kubwa za wafadhili, lakini mara nyingi hakisemi ni nani anayeshika ufunguo wa bomba. Baraza la chifu bado lina nguvu. Redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM hufika mahali ambapo waraka haufiki, na kundi la WhatsApp la wanachama hubeba picha ya risiti ndani ya dakika moja. Ripoti kwa mfadhili na taarifa kwa kijiji zinapaswa kuwa na hesabu ile ile. Lugha tu ndiyo inayotofautiana.

Uwazi wa namna hiyo una gharama yake pia, na haifai kuificha. Nchini Tanzania, shirika la HakiElimu lilianza mwaka 2001 na kujijengea jina kwa vijitabu vyepesi, vibonzo na matangazo ya redio na televisheni yaliyoonyesha hali ya shule kwa Kiswahili cha kila siku. Mwaka 2005 serikali ililipiga marufuku kufanya utafiti na kuchapisha habari za shule, na mgogoro haukumalizika hadi 2007. Ripoti nzito za Kiingereza zenye habari kama hizo zilikuwa zikikaa makabatini bila kumkera mtu. Kikundi kinachosema waziwazi kwamba saruji mifuko 40 ilifika na mifuko 31 ndiyo iliyotumika mtoni nacho kitapata marafiki wachache na maadui wachache.

Mipango ya kaunti ya miaka mitano inayotumika sasa, ya 2023 hadi 2027, inakaribia mwisho wake. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na baada yake serikali mpya za kaunti zitalazimika kuandaa mipango ya 2028 hadi 2032 na kuita mikutano ya kukusanya maoni katika kila wadi, Kanyangi ikiwemo. Kila kikundi hupewa dakika chache za kusema mbele ya maikrofoni. Kitakachokuwa kimechora ramani yake, kikagombania vipaumbele vyake na kupata sahihi za wenye mashamba kabla ya siku hiyo kitazitumia dakika hizo kutaja mto, mwamba na mwezi.